Weupe wa Mboni

Mwanamvua alipoinama kuingia chumba cha mwali, jicho lake halikwenda kwa mwali. Lilikwenda ukutani. Pale penye kichwa cha mkeka, udongo wa ukuta ulikuwa umechimbwa shimo la ukubwa wa bakuli, fito zimebaki nje kama mbavu, na pembeni mwa shimo imeshuka michirizi minne minne.

"Panya hao," alisema Sikuzani upesi, aliyekuwa nyuma yake ameshika kibatari. "Tangu tuhamishiwe huku barabarani, panya wametuzidi."

Mwanamvua aliitazama michirizi ile. Panya hana vidole vipana namna ile. Aliweka kikapu chake chini, akamwomba Sikuzani afungue kidirisha, maana kibatari hakimfai mtu wa kazi yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1976, kijijini Vihingo, wilaya ya Kisarawe. Mboni binti Kondo, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa anatolewa nje baada ya kukaa ndani miezi mitano. Mchana angebebwa mabegani hadi uwanjani, achezewe ngoma, watu wamwone. Baada ya sala ya alasiri ingefungwa ndoa, kisha lori la wakwe limchukue hadi Mbwawa, upande wa Kibaha, kwa mumewe Saburi. Mama yake Mboni alifariki siku nyingi. Aliyemlea ni huyu Sikuzani, dada wa baba yake, naye ndiye aliyemweka ndani, akamlisha, akamfunda. Kwa hiyo sifa za leo zilikuwa zake, na aibu kama ingekuwapo, yake pia.

Mwanamvua alikuwa ameitwa kwa ajili ya uso. Toka Mlandizi hadi Kisarawe hapakuwa na mpambaji wa kulingana naye. Ujana wake alifanya kazi ya uyaya kwa mwalimu mmoja wa Kizungu kule Kibaha, na mke wa yule mwalimu alikuwa na kisanduku cha bati chenye poda mbili: moja ya rangi ya shaba, ya kutia kivuli, na nyingine ya kung'aa. Mwanamvua alimtazama kila asubuhi akijipaka mbele ya kioo, mpaka akaijua siri yake. Wazungu walipoondoka walimwachia kisanduku, na poda zilipokwisha akajitengenezea zake. Ya shaba aliifanya kwa udongo mwekundu wa ngeu, mdalasini na poda ya watoto. Ya kung'aa aliisaga kutokana na ulanga, yale magamba ya jiwe yanayomeremeta, aliyoletewa na wachuuzi wa Morogoro. Aliyachekecha kwa kitambaa mara saba, akayachanganya na mafuta ya nazi. Hiyo aliiita nuru.

"Shaba panapozama, nuru panapoinuka," ndivyo alivyowaambia wasichana waliotaka kujifunza. Shaba kwenye mashimo ya mashavu, pembeni mwa paji na chini ya kidevu. Nuru kwenye mfupa wa shavu, mgongo wa pua na juu ya mdomo, tena kidogo, kwa ncha ya kidole cha pete. Asiyejua hupaka hadi bibi harusi akafanana na sufuria mpya. Kazi ikiwa nzuri, watu husema, "Mtoto huyu kaumbika," wala hawasemi, "Kapambwa."

Lakini alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Miaka minne nyuma, huko Mlandizi, alimpamba bibi harusi mmoja mweupe sana, uso umejaa, anahema kama aliyekimbia. Mwanamvua aliuona ule weupe, nao ukamtisha, lakini hakuuliza. Akaufunika kwa shaba. Siku ya tatu ya harusi yule binti alianguka jikoni akiwa ameshika kata ya maji, na hakuinuka tena. Watu wakanong'ona kwamba mkono wa Mwanamvua una nuksi. Mnong'ono ulipoa. Yeye mwenyewe hakupoa.

Sasa kidirisha kilifunguliwa, mwanga ukaingia, Mboni akageuka.

"Umemwona?" alisema Sikuzani kwa fahari. "Aliingia humu mweusi kama chungu. Mtazame sasa! Na amenenepa, uso umejaa, mpaka miguu."

Mwanamvua alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Uso ulikuwa ule ule wa Mlandizi. Si uso wa binti mwingine unaofanana nao. Weupe ule ule, wa nta, usio na chembe ya wekundu ndani yake, macho yamevimba chini kama ya mtu aliyelia usiku kucha.

"Shikamoo mama," alisema Mboni. Salamu hiyo tu ilimchosha, akavuta pumzi.

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe mkono."

Kiganja kilikuwa baridi, na mistari yake imepotea katika weupe. Kucha zilikuwa zimebonyea katikati kama vijiko vidogo. Mwanamvua akajifanya anamnyoosha miguu, akambonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo. Alipoondoa dole, shimo lilibaki. Akalitazama, akisubiri lijae. Halikujaa.

"Dada Sikuzani," alisema, "niletee maji ya vuguvugu, tafadhali."

Sikuzani alipotoka, Mwanamvua alimsogelea msichana sikioni. "Ukuta huu unaula wewe?"

Mboni alitazama mlango. Macho yakamjaa machozi. "Nikikosa, roho inaniuma. Usimwambie shangazi."

"Tangu lini?"

"Kabla sijaingia ndani. Na moyo, mama. Usiku unanipiga masikioni kama ngoma. Nikisimama, dunia inazunguka. Shangazi anasema ndio uwali, wote hupitia."

"Angalia juu." Mwanamvua alimshusha ukope wa chini kwa kidole. Mahali panapotakiwa kuwa pekundu kama ndani ya mdomo wa mtoto, palikuwa peupe kama nyama ya dafu. Akauachia ukope haraka, kana kwamba umemuunguza.

Safura, maradhi ya kuishiwa damu. Hakuhitaji kuambiwa na daktari. Neno lilimjia tu, na nyuma ya neno akaja yule binti wa Mlandizi na kata yake.

Sikuzani alirudi na maji. Mwanamvua alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafanya kile ambacho baadaye hakuweza kujieleza kwa nini alikifanya: akafungua kikapu, akaanza kazi. Labda mikono ilikuwa imezoea. Labda aliogopa kuiacha bila kazi. Alimpaka shaba mashavuni, akaisambaza kwa pamba mpaka pembezoni mwa uso, akaishusha shingoni. Uhai wa uongo ukaanza kuja. Akachovya kidole cha pete kwenye nuru, akagusa mfupa wa shavu, akagusa pua. Akamkoleza midomo kwa ngeu na mafuta. Kadiri uso ulivyopendeza, ndivyo yeye alivyozidi kuogopa. Alipomaliza, mbele yake alikaa msichana mwenye afya tele, kama aliyetoka kuoga mtoni, jua limempiga kidogo. Shingoni tu, upande wa kushoto, mshipa ulikuwa unarukaruka kama mjusi aliyeshikwa, na mshipa haupakwi poda.

Sikuzani aliita wanawake waje kuona. Vigelegele vikapasua nyumba. "Mtoto kaumbika!" wakasema. "Wala hakupambwa!"

Mwanamvua akamshika Sikuzani mkono, akamvuta uani nyuma ya choo, mahali pasipo na masikio.

"Dada yangu, mtoto huyu hana damu. Hawezi kubebwa juani. Hata kusimama hawezi. Apelekwe hospitali leo, harusi isubiri."

Sikuzani alimtazama kana kwamba hakusikia. Halafu akacheka kidogo, bila furaha. "Hana damu? Mimi nimekaa naye miezi mitano, nimemlisha kwa mkono wangu. Wewe umekaa naye saa moja."

"Anakula udongo."

"Nani hajala udongo katika uwali wake?" Sikuzani akasogea mpaka pumzi yake ikamgusa Mwanamvua usoni. "Sikiliza. Habari zako za Mlandizi tunazo. Nilipokuita, watu walinikataza. Nikasema hapana, ni uzushi. Sasa wewe ndiye unamtabiria mwanangu kifo siku yake ya kutoka? Litamke neno hilo uwanjani, uone. Hutatoka Vihingo kwa miguu yako."

Akaenda zake. Mwanamvua akabaki amesimama. Hapo aliuona mtego wote. Akisema, ni mchawi aliyeharibu harusi. Akinyamaza na binti akafa, ni mchawi aliyeua wa pili. Njia pekee iliyobaki salama ilikuwa kuchukua kikapu chake na kuifuata njia ya Mlandizi kabla ngoma haijakolea. Alifika hadi mlangoni pa ua. Ngoma ikakolea.

Walimtoa Mboni amebebwa begani na mjomba mmoja mwenye nguvu, kanga mpya imemfunika nusu. Jua lilikuwa la utosi. Kanga ilipofunuliwa uwanja mzima ulishusha pumzi. Mashavu yalishika mwanga, yakaurudisha. Wakwe kutoka Mbwawa, walioketi kwenye viti vya shule, walitazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama yake Saburi alipiga kigelegele kirefu. Saburi mwenyewe, kijana mwembamba, fundi wa trekta la kijiji chao, alikuwa amesimama karibu na lori amefunga mikono, anatabasamu ardhini kwa haya.

Mwanamvua alisimama miongoni mwa wanawake. Hakuona kile walichokiona. Aliona tundu za pua zikitanuka na kunywea. Aliona kifua kikipanda upesi mno chini ya shanga. Kila mjomba yule alipozunguka, kichwa cha Mboni kilichelewa kidogo kufuata. Wapiga ngoma walikuwa wanashindana, vumbi limepanda, na Mwanamvua akajikuta anahesabu: mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Kila mzunguko alisema moyoni, huu ukiisha nitasema. Ukaisha, hakusema.

Wakamketisha kwenye mkeka katikati ya uwanja atunzwe. Jasho lilikuwa linamtiririka, na pale lilipopita, shaba iliacha michirizi myeupe.

"Mpambaji!" Sikuzani aliita kwa sauti ya kusikika na wote, tabasamu limemganda mdomoni. "Njoo umrudishe mtoto, jasho limemharibu."

Mwanamvua akaenda na kikapu. Akapiga magoti mbele ya Mboni. Midomo chini ya ngeu ilikuwa ya kijivu.

"Mama," alinong'ona msichana, "siwaoni watu. Wamekuwa weusi wote. Jua limezama?"

Ilikuwa saa saba mchana.

Mwanamvua aliichukua pamba. Akalishika kopo la shaba, akalifungua. Alijua wanamtazama, alilihisi jicho la Sikuzani mgongoni kama ncha ya kisu. Kisha akaliweka kopo chini. Akatwaa chupa ya mafuta ya nazi, akalowesha ncha ya kanga yake mwenyewe, akaanza kufuta. Akafuta shavu la kulia, la kushoto, paji, midomo. Alifuta taratibu mpaka haikubaki nuru wala shaba.

Ngoma zilikufa moja moja.

"Njooni mtazame," alisema Mwanamvua. Sauti ilitoka nyembamba, hakuitambua. "Njoo mama mkwe, mtazame. Huu si weupe wa uwali. Huyu hana damu." Akamshusha Mboni ukope mbele ya watu wote. "Anakufa huyu."

Halafu mtu akasema, "Mchawi!" na uwanja ukainuka. Teke lilikipiga kikapu. Makopo yakapasuka, ulanga ukamwagika mchangani, ukametameta miguuni pa watu waliokuwa wanamwendea. Alivutwa kanga, akapigwa ngumi ya bega, akayumba lakini hakumwachia Mboni. Alimkumbatia kichwa kifuani, akafumba macho akingoja pigo linalofuata. Alimsikia mama yake Saburi akilia juu ya kelele zote, "Mlitaka kutupa maiti! Mficha maradhi kilio humfichua!"

Aliyekuja kusimama juu yake alikuwa Saburi. Alitanua mikono kuwazuia watu.

"Shikamoo mama," alisema, adabu imemtoka mdomoni kwa mazoea. "Ni kweli atakufa?"

"Akilala hapa, ndiyo. Nilimwona kama yeye kule Mlandizi. Nilimwona, nikampaka, nikanyamaza." Hilo ndilo neno lililokuwa limemkaa kooni miaka minne. "Yule hakuuawa na mkono wangu. Mdomo wangu ndio uliomuua."

"Lori lipo," alisema Saburi. "Hospitali ya Tumbi ni huko huko tunakorudi. Tumpeleke."

"Nani ampeleke?"

Watu walipisha. Kondo, baba yake Mboni, alikuja kutoka kwenye kivuli cha wazee, na mkononi alikuwa na panga lililokuwa limetumika asubuhi kuchanjia kuni za pilau. Alikuwa mtu mfupi, mpole siku zote. Mwanamvua hakuwahi kumwona mtu mpole ametoa macho namna ile.

"Ndoa haijafungwa. Huyu bado wangu," alisema Kondo. "Na hospitali haendi. Nani hajui habari ya mumiani? Mtu mwenye damu anaingia, anatoka hana. Huyu mnasema hana hata hiyo kidogo, mwende mkamkaushe?"

Wazee kadhaa waliitikia. Hofu ile waliijua wote, walikua nayo. Hata Mwanamvua, aliyefanya kazi Kibaha miaka sita, bado alivuka barabara akiona gari la msalaba mwekundu likija.

Mboni ndiye aliyesema. Alisema amefumba macho, maneno yakitoka moja baada ya jingine kama matone.

"Baba. Mama alikufa hivi hivi. Mimi nilikuwepo."

Kondo alisimama. Panga lilishuka kidogo. Akamtazama dada yake Sikuzani, na Sikuzani akatazama pembeni.

"Haya," alisema Kondo mwishowe. Akamnyooshea Mwanamvua panga. "Lakini wewe utakaa nami. Mtoto akikata roho njiani, wewe hufiki."

Waliwapakia nyuma ya lori juu ya magodoro ya wakwe. Mwanamvua alikaa amempakata Mboni kichwa, na mkabala wake alikaa Kondo, panga juu ya magoti, macho hayambanduki. Saburi alikaa mbele na dereva. Wengine walibaki na pilau lao.

Njia ile ilikuwa ya mchanga na mashimo. Kila lori liliporuka, pumzi ya Mboni ilikatika, na kila ilipokatika Mwanamvua alimtazama Kondo, na Kondo alimtazama yeye. Aliweka kiganja chini ya pua ya msichana ahisi joto. Mara lipo. Mara halipo, mpaka akainama kumsikiliza kifuani, na moyo ukamjibu mbio mbio, hafifu, kama kifaranga ndani ya yai.

Katikati ya pori lori lilizama mchangani. Saburi akashuka kusukuma, na Kondo naye akashuka, akaliacha panga juu ya godoro. Mwanamvua alibaki peke yake na Mboni. Vichaka vilikuwa hatua kumi tu. Hakuna ambaye angemwona mpaka lori litoke. Aliinua kichwa cha Mboni kutoka mapajani pake, akakilaza polepole, akasimama.

"Mama," alisema Mboni bila kufungua macho, "baridi."

Mwanamvua alisimama hapo akisikia wanaume wakihesabu na kusukuma, kuhesabu na kusukuma. Akavua kanga yake ya juu, akamfunika, akaketi tena. Lori likatoka.

Walifika Tumbi jua limelala magharibi. Nesi aliyewapokea aliitwa Laurentia, mama mnene mwenye miwani. Hakuuliza jina wala kijiji. Alishusha ukope wa Mboni kama Mwanamvua alivyofanya, akautazama mara moja, akageuka akapiga kelele kuita machela, na watu wazima wakakimbia. Kuona wauguzi wakikimbia kulimtisha Mwanamvua kuliko panga.

Baada ya muda Laurentia alirudi. "Damu yake imekwisha, na moyo umechoka kusukuma maji. Tunahitaji damu ya mtu sasa hivi. Nani yuko tayari?"

Kondo alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Si niliwaambia?" alisema kwa sauti ndogo. "Si niliwaambia?"

"Nichukueni mimi," alisema Saburi.

"Na mimi," alisema Mwanamvua.

Wakachomwa vidole, damu ikapimwa kwenye vioo. Laurentia akarudi akitikisa kichwa. Ya Saburi ilikataana na ya mgonjwa. Ya Mwanamvua pia. "Mzee," alimgeukia Kondo, "wewe ni baba yake mzazi?"

Kondo aliitikia kwa kichwa. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Mwanamvua alimwona mtu yule aliyemtisha njia nzima, na akatambua kwamba wote wawili walikuwa wanaogopa tangu asubuhi, ila kila mmoja hofu yake.

"Kaka Kondo," alisema, "mimi nitakaa hapo kitandani pako. Sitatoka."

"Watanimaliza."

"Chupa moja tu, baba," alisema Laurentia. "Chupa ile pale. Utaiona mwenyewe ikijaa, na utaiona ikiingia kwa mwanao. Haipiti kona yoyote."

Kondo alifikiri. Akamkabidhi Mwanamvua lile panga, mpini mbele. "Shika. Wakianza chupa ya pili, unajua la kufanya."

Laurentia akamchoma kidole, na damu yake ilipokubaliana na ya mgonjwa, akamwonyesha kitanda. Kondo alilala amekaza mwili kama maiti anayeoshwa, macho kwenye chupa. Mwanamvua alikaa kwenye kiti pembeni na panga mapajani, na ilikuwa ajabu kwamba hakuna aliyemfukuza. Damu ilishuka nyeusi, nzito, taratibu. Ilipojaa wakaifunga, wakampeleka Kondo kwa mkono hadi chumba cha pili, akasimama kuangalia ikitundikwa juu ya mwanawe, tone, tone, tone.

Saa zile za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zote. Daktari alisema damu ikiingia upesi, moyo uliochoka waweza kusimama. Kwa hiyo waliingiza polepole, na polepole ile ilikuwa mateso. Mara mbili Mboni alitetemeka mwili mzima, kitanda kikagonga ukuta, na Laurentia akafunga mpira, akasubiri, akafungua tena. Kondo alisoma sura zote alizozijua, zilipokwisha akaanza upya. Mwanamvua hakuweza kusoma. Alitazama sikio la Mboni. Alikuwa mjuzi wa nyuso, lakini uso ule hakuuamini tena, akachagua sikio, maana sikio hakulipaka kitu.

Alfajiri, adhana ikisikika mbali, sikio lilikuwa na kitu ambacho jana halikuwa nacho. Alidhani ni mwanga wa taa. Akasogea. Kwenye ncha ya chini, pale penye tundu la hereni, palikuwa na wekundu mdogo.

Alimshika Kondo bega, akamwonyesha kwa kidole.

Mboni alilazwa wiki sita. Walimpa dawa ya minyoo, na alichotoa kilimfanya Laurentia afunike beseni upesi. Wakampa dawa ya kuongeza damu, maini, mchicha. Mama yake Saburi alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akasema mwanawe hataoa gonjwa. Saburi hakubishana na mama yake. Aliendelea tu kuja kila Ijumaa kwa baiskeli kutoka Mbwawa, anakaa kidogo, anaondoka. Ndoa yao ilifungwa mwaka uliofuata, bila ngoma, na mama yake alihudhuria amenuna. Mwanamvua hakuitwa Vihingo tena. Huko mpaka leo wapo wanaosema kwamba ugonjwa ule aliuleta yeye kwenye kikapu, kisha akajifanya kuuona.

Sikuzani alikuwa amekuja Tumbi siku ya nne tu ya kulazwa kwa Mboni. Alitembea sehemu ya njia, miguu imejaa vumbi, kichwani ana kapu la uji na kuku wa kuchemsha. Alimpita Mwanamvua kwenye ukumbi bila salamu. Alikaa kando ya kitanda cha mpwa wake, na Mwanamvua, aliyesimama mlangoni akiogopa kuingia na kuogopa kuondoka, alimwona akimgeuza Mboni uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akimpapasa mashavu kwa kidole gumba, akiufungua ukope na kuufunga.

"Amekuwa mweusi," alisema Sikuzani.

Hakugeuka. Sauti yake haikuonyesha kama ni lawama au ni shukrani. Mboni alikuwa anakula kuku.